Nusu Alama kwa Dympna

Malachy Tansey anajua mambo mengi yasiyomsaidia mtu yeyote. Anajua ni mpiga ngoma wa bendi gani aliyeogopa paka. Anajua ni mwimbaji yupi alivaa soksi za mkewe siku aliporekodi wimbo wake wa kwanza, na rangi ya soksi hizo anaijua pia. Ukikutana naye kwenye duka la nyama asubuhi, wewe unataka soseji zako urudi nyumbani, yeye atakushika kiwiko akuulize ni bendi ipi ya dansi upande huu wa mto Shannon iliyokuwa na mapacha wapiga tarumbeta. Ukisema hujui, anafurahi. Ukijua, ananuna mpaka Jumapili.

Aliuza bima maisha yake yote, na nadhani huko ndiko alikojifunza kusema asichokijua kwa sauti ya mtu anayekijua. Alipostaafu akajifanya bingwa wa bendi za zamani. Kila tukifanya chemsha bongo hapa Ballyfarna, iwe ya kuchangia paa la kanisa au jezi za timu, kipaza sauti anashika yeye, na ana sheria moja: jibu lililo kwenye karatasi yake ndilo jibu, hata kama si kweli. Sheria hiyo huitangaza mwanzoni kila mara, anatabasamu, na watu wazima wenye akili zao timamu wanaitikia kwa kichwa.

Mimi sina sababu ya kumheshimu. Enzi za bendi hizo nilikuwa msichana, nikiuza soda na biskuti kwenye kaunta ya ukumbi wa Starglen. Malachy alikuwa mtoto wa miaka sita, bado anafundishwa kufunga kamba za viatu. Bendi anazozihubiri mimi niliziona zikishuka kwenye magari yao zikinuka jasho, sigara na mafuta ya nywele, na niliwauzia soda.

Bendi ya mji wetu ilikuwa Valdora. Hakuna aliyejua kama Valdora ni mji au ni sabuni. Meneja wao ndiye aliyelichagua jina, bwana mmoja wa Dublin mwenye pete kubwa ya bandia. Mwimbaji wao alikuwa Donie Fallon, kijana wa hapa hapa, mtoto wa fundi viatu. Alikuwa na wimbo mmoja tu uliovuma, "Koti la Kijani", na ulivuma kweli. Kiangazi kile hata makuku yalikuwa yanausikia. Mwezi wa Agosti gari la bendi likagonga ukuta wa mawe karibu na Athlone, dereva alikuwa amesinzia, na Donie akafa. Basi akawa wetu milele. Kijana aliyekufa hazeeki, haachi deni baa, wala hampingi mtu anayesimulia habari zake.

Mwaka juzi Malachy akaunda kamati ya kuweka bamba la shaba kwenye ukuta wa Starglen. Siku hizi Starglen ni duka la mazulia, na mwenye duka alikubali kwa kuwa alidhani watalii watakuja na wataondoka na zulia. Maneno ya bamba aliyatunga Malachy peke yake: kwamba hapa Donie Fallon aliimba kwa mara ya kwanza "Koti la Kijani", wimbo aliomtungia Imelda Tansey. Imelda alikuwa dada yake mkubwa, sasa ni marehemu, kwa hiyo hakuwepo wa kukanusha. Na ninavyomkumbuka, hata angekuwapo asingekanusha.

Koti la kijani lilikuwa la dada yangu, Dympna. Na Donie alikuwa mume wake.

Hilo nilikuwa nalijua mimi peke yangu. Yule meneja alikuwa na amri moja: mwimbaji hana mke. Mwimbaji akioa, wasichana hawaji; wasichana wasipokuja, wavulana nao watafuata nini? Dympna alikuwa Birmingham akisomea unesi, na Kwaresima ndiyo iliyowakutanisha. Kwaresima kumbi zetu zote zilifungwa kwa kufuli, kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Pasaka, isipokuwa usiku wa Mtakatifu Patrick tu. Bendi zikavuka bahari kwenda kuwapigia watu wetu waliokuwa wanajenga barabara za Waingereza. Donie akaenda, akamtafuta Dympna, na wakaoana kwa karani wa serikali, bila padri, katikati ya mfungo. Mama angesikia angekwenda na maji. Wakakubaliana wanyamaze hadi majira ya baridi, Donie akishamaliza mkataba, kisha waje wafunge ndoa kanisani kama watu.

Kiangazi Dympna alirudi likizo. Alilipa kiingilio Starglen kama msichana mwingine yeyote, akasimama ukutani, na mumewe akamwimbia wimbo wake huku macho ameyapitisha juu ya kichwa chake, anawachekea wengine, kwa maana ndivyo alivyoamriwa. Nilikuwa kwenye kaunta yangu. Sikujua kitu. Nilimwona dada yangu akitazama viatu vyake, nikadhani vinambana.

Halafu mazishi. Kwetu mtu akifa, watu wanapanga foleni, wanawashika mkono wafiwa mmoja mmoja, na wanasema: pole kwa msiba wako. Hakuna zaidi ya hayo, na hakuna anayetaka zaidi. Waliokaa kiti cha mbele siku ile walikuwa mama yake Donie na fundi viatu, na kando yao, sijui nani alimkaribisha, Imelda Tansey, ambaye alizimia mara mbili, zote mbili mpiga picha wa gazeti akiwa ameinua kamera. Dympna alisimama nyuma kabisa na sisi wasichana wa mji. Hakushikwa mkono na mtu. Usiku ule ndipo aliponiambia, akaniapisha, na tangu hapo akawa Nesi Geraghty wa hospitali ya wilaya, mwanamke asiyeolewa, ambaye watu walimhurumia kwa sababu isiyo yake.

Chemsha bongo ya kuchangia bamba ilifanyika Jumapili mchana, baada ya misa ya pili. Kesho yake fundi wa Longford angeanza kuchonga maneno. Nilidhani Dympna atakaa nyumbani. Akashuka ngazi amevaa koti, na kofia kichwani.

"Twende," akasema. "Nataka nimsikie akilisema mbele ya watu."

"Basi sema na wewe, mbele ya watu hao hao."

"Niseme nini, Attracta? Kwamba niliolewa kwa karani, Kwaresima, halafu nikameza ulimi maisha yangu yote? Watasema bikizee kachanganyikiwa, anajitafutia mume ndani ya wimbo."

"Niache niseme mimi. Mama ameshakufa, dada."

"Hukumwapia Mama. Uliniapia mimi." Akafungua mlango. "Na mwanamke huyo hataandikwa kando yake. Sijui nitafanya nini, lakini hataandikwa."

Ukumbi wa parokia ulikuwa umejaa. Kulikuwa na sandwichi za yai, sandwichi za nyama ya nguruwe, birika la umeme linalovuja tangu enzi za askofu yule mwingine, na bahati nasibu ya bata mzinga, ingawa Krismasi ilikuwa mbali. Kila meza hujipa jina. Yetu tulikuwa mimi, Dympna na Kanoni Loftus, padri wetu mstaafu, na Kanoni ndiye aliyetuandikisha: Waliobaki. Meza ya jirani alikaa Packie Noone na wajukuu zake. Packie alikuwa bawabu wa Starglen zamani, mtu mkubwa mwenye mikono mipana, aliyewatoa nje walevi wa wilaya tatu bila kupandisha sauti.

Raundi ya muziki ilikuja baada ya chai. Malachy alikuwa amevaa tai yenye nota za muziki, ya sintetiki, inayong'aa. Akatuuliza ni mwimbaji yupi aliyeanguka kutoka jukwaani Ballinasloe akiwa na ngazi. Akatuuliza bendi ipi ilibadilisha suti katikati ya wimbo mmoja. Akatuuliza mpiga gitaa wa Valdora alikuwa na mbwa wa jina gani, na kote ukumbini watu walikuna vichwa, wakanong'ona na kugombana na wake zao kwa ajili ya mbwa aliyekufa kabla hawajazaliwa. Nami niliandika jibu, nakiri. Mbwa aliitwa Bruno. Aliwahi kuniuma.

"Swali la mwisho," akasema Malachy, na akaishusha sauti kama anayetangaza Papa mpya. "Lina alama mbili. Donie Fallon aliimba 'Koti la Kijani' kwa mara ya kwanza wapi, na koti lilikuwa la nani?"

Sikuandika. Dympna akanyoosha mkono.

"Lete kalamu."

Aliandika huku ameziba karatasi kwa kiganja kama mtoto anayeogopa kuigwa. Kanoni alitazama dari kwa adabu. Kisha karatasi zikabadilishwa, kwa kuwa kwetu meza haijisahihishi yenyewe, na yetu ikaenda kwa Packie Noone.

Malachy akaanza kusoma majibu. Alipofika la mwisho akaiweka karatasi chini. Hilo alikuwa nalo moyoni. Tarehe kumi na tatu Machi, mwaka 1966, akasema, siku ya Jumapili, ndani ya Starglen. Donie alimwona Imelda kwenye umati amevaa koti la kijani, akamwita jukwaani, akamshika mkono, na wimbo ukamtoka papo hapo, maneno na sauti vyote pamoja. Kana kwamba wimbo hutungwa kama mtu anavyopiga chafya. Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja alifuta machozi kwa kitambaa cha sandwichi.

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti, na sikuona haya. Niliapa nisiseme habari za dada yangu, lakini hakuna aliyewahi kuniapisha nisitaje kalenda.

"Malachy," nikasema, nimesimama, "mwaka ule Pasaka ilikuwa lini?"

"Hilo si swali la muziki, Attracta."

"Ilikuwa Aprili. Hebu rudi nyuma taratibu, usijikwae, halafu utuambie nani alikuwa anacheza dansi hapa katikati ya Machi."

Kanoni Loftus ndiye aliyesema "Kwaresima," kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeokota funguo zake. Nusu ya ukumbi, ile nusu yenye mvi, ikaanza kucheka. Packie Noone alisema Machi nzima alikuwa anapiga vanishi sakafu ya Starglen, ufunguo ukiwa mfukoni mwake, kwa hiyo labda Donie aliwaimbia panya.

Mtu mwingine angeona aibu. Malachy aligeuza karatasi yake, akaikunjua, akakohoa. Bila shaka, akasema, alikusudia tarehe kumi na saba, usiku wa Mtakatifu Patrick, ambapo kila mtu anajua kumbi zilifunguliwa. Yalikuwa makosa ya uchapaji. Karatasi yenyewe ameiandika kwa mkono wake! Lakini watu wakaitikia kwa vichwa, ahaa, Mtakatifu Patrick, kumbe, na nikaona mambo yanarudi pale pale. Hivi ndivyo watu hawa walivyo. Ukiwabomolea uongo wao wanausogeza siku nne mbele na unasimama tena imara. Nikakaa. Nilijisikia mjinga, na nilimwonea uchungu dada yangu.

"Ngoja, Malachy," akasema Packie Noone.

Alikuwa ameshika karatasi yetu kwa mikono yake miwili. Miwani yake ilikuwa puani. Hakumtazama Malachy, alimtazama Dympna.

"Nina jibu hapa sijui nilisahihishe vipi. Dympna, nilisome?"

Dada yangu alikuwa mweupe kuliko kitambaa cha meza. Nilitaka kumshika mkono, lakini nilihofu atadhani namzuia.

"Lisome, Packie."

Packie akasoma polepole. "Jikoni kwa Bibi Cusack, Birmingham, Kwaresima. Koti lilikuwa langu." Akaisogeza karatasi karibu na miwani. "Halafu kaweka sahihi. Dympna Fallon."

Birika lilisikika likivuja. Fallon, akarudia Packie, na hakulisema kwa sauti ya kuuliza.

Sasa Malachy Tansey alikuwa na nafasi ya kuwa binadamu. Mungu alimpa, sote tuliiona. Alitazama karatasi yake, alitazama meza yetu, akakisogeza kipaza sauti karibu na mdomo. Jibu hilo, akasema, halimo katika kitabu chochote anachokijua. Hata hivyo, kwa kuwa ni Jumapili na sisi ni majirani, na kwa kuwa swali limezua utata kidogo, yuko tayari kutoa nusu alama.

Nusu alama. Mwanamke, kaa na ujane wako gizani zaidi ya nusu karne, osha vidonda vya watu, zeeka kwa jina la kisichana, halafu mwuza bima mwenye tai inayong'aa akupimie nusu alama. Nilisimama. Sahani ya sandwichi za yai ilikuwa karibu na mkono wangu wa kulia, na sitasema uongo, nilishaichagua. Dympna akanivuta shati.

"Kaa, Attracta," akasema, na akasimama yeye.

Hakupandisha sauti. Manesi wazee hawapandishi.

"Alama zako baki nazo, Malachy. Hiyo tarehe kumi na saba unayoitaka, Donie alikuwa kwenye kiti cha jikoni, anakula viazi vyangu, na alilalamika havina chumvi. Tulikuwa na siku chache za ndoa. Kisha akarudi jukwaani kuwa kapera. Alipokufa nilisimama nyuma na wasichana wa mji, na dada yako akakaa mbele. Simlaumu, alikuwa mtoto. Andika kwenye bamba kwamba aliimba hapa, kwa kuwa aliimba. Jina langu usiliweke. Lakini usimwandike mwanamke mwingine kando ya mume wangu."

Malachy akasema kwamba kamati ingebidi ikae. Akasema, kwa heshima zote, mtu angeweza kuuliza kama ndoa ile, kwa mazingira yake, ilikuwa ndoa hasa. Alisema hivyo, kwenye kipaza sauti, ndani ya ukumbi wa parokia, na akamtazama Kanoni apate kuungwa mkono.

Dympna akakaa. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa tangu siku ile, si kicheko cha watu. Aliogopa neno hilo, kwamba haikuwa ndoa, litoke kwa padri, mwenye haki ya kulisema.

Kanoni Loftus alichukua muda kuinuka, kwa maana magoti yake hayamtii. Mwaka ule wa ajali alikuwa padri msaidizi, kijana, na maziko aliyaongoza yeye.

"Nilimzika mimi," akasema. "Nikawaambia watu hakuacha mjane."

Akageuka, akauchukua mkono wa dada yangu kwa mikono yake miwili.

"Pole kwa msiba wako, Bibi Fallon."

Packie Noone alikuwa ameshafika. Aliiweka karatasi yetu mezani, bila tiki na bila alama ya kosa, akaufunika mkono wa Dympna kwa mkono wake mpana. Pole kwa msiba wako, akasema. Alinikumbusha siku alipobeba jeneza, kwani alikuwa mmoja wa waliolibeba, na uso wake ulikuwa ule ule. Nyuma yake akaja bibi wa kitambaa cha sandwichi. Nyuma ya bibi akaja mwenye duka la mazulia, ambaye sikumtegemea. Viti vikaanza kuburuzwa. Hakuna aliyewapanga, foleni ilijipanga yenyewe kutoka mezani kwetu hadi mlango wa jikoni, wazee, vijana, wajukuu wa Packie, na kila mmoja akasema maneno yale yale na akapisha. Dympna alimjibu kila mtu asante, kila mtu kwa jina lake. Alikuwa analia bila kujifuta.

Huko jukwaani Malachy aliwatangazia mabibi na mabwana raundi ya saba, jiografia. Akauliza mji mkuu wa nchi fulani. Akarudia swali. Akagongagonga kipaza sauti kuona kama kimezimika.

Nami nilikwenda kusimama kando ya dada yangu, upande wa kushoto, pale wanapokaa ndugu.

Mwisho kabisa Malachy alishuka. Alikuja mikono mitupu, tai imepinda, na watu wakamwachia nafasi. Nilikaa tayari. Nilijua ataongeza kitu. Mtu huyu hawezi kuona jeneza bila kukutajia aina ya mbao. Akamshika Dympna mkono.

"Pole kwa msiba wako, Bibi Fallon."

"Asante, Malachy."

Nikasubiri. Nikaona midomo yake inacheza, neno linakuja, tarehe, au rangi ya soksi, au jina la mtaa wa Birmingham ili akaliandike. Akaifunga. Kisha akasogea hatua moja, kwa kuwa anayefuata kwenye mstari nilikuwa mimi, na akanyoosha mkono.

"Pole, Attracta."

Nilikuwa nimeandaa tusi zuri, la muda mrefu, na nilikuwa nalo ulimini. Sikulitumia. Donie alikuwa shemeji yangu, na hadi siku ile hakuna mtu aliyewahi kunipa pole.